Hema Nje ya Nyumba ya Mwikali

Pale kazini kila mtu ananiuliza swali lile lile: Kyalo, ulipiga ngapi? Nikinyamaza mnadhani naficha idadi. Basi nimeamua kuandika mara moja, mpitishiane, mniache nifanye kazi. Mambo ya viza, tiketi na vibali nitayaruka, kwa sababu hata mimi sikuyaelewa, na safari ilikuwa yangu.

Mnajua Mwikali, kifungua mimba wangu, aliolewa Kanada miaka mitatu iliyopita. Nikisema aliolewa nasema kwa lugha ya huko. Walienda ofisini, wakaweka sahihi, wakapigwa picha. Kwetu sisi Wakamba, bila mbuzi wa ntheo hakuna ndoa. Si mambo ya utajiri. Ni mbuzi wachache tu ambao watu wa mwanamume wanaleta kwa kina msichana, mmoja anachinjwa siku hiyo hiyo, watu wanakula pamoja, na kuanzia hapo msichana ni wa kule. Kabla ya hapo bado ni mtoto wa kwangu, hata akae na huyo bwana miaka arobaini. Na baba halali chini ya paa la mtu ambaye hajaleta mbuzi. Akilala, amejidharau yeye na ameudharau ukoo. Kwa sababu hiyo mimi na mwanangu tulikaa miaka mitatu bila kuambiana zaidi ya heri ya sikukuu.

Halafu mwezi wa tisa nikatumiwa sauti kwa simu. Alikuwa Erik, huyo bwana wa Mwikali, anaongea Kiingereza polepole kama mtu anayembembeleza ng'ombe apite mlangoni. Anasema nije mwezi wa kumi na moja, kaskazini kabisa mwa Alberta, tukawinde pamoja kwa upinde. Mwikali amemwambia Wakamba ni watu wa mishale tangu zamani. Sasa mimi nimezaliwa Makadara, hapa hapa Nairobi. Upinde nilikuwa nimeuona ukutani kwenye hoteli ya nyama choma, na kamba yake ilikuwa imekatika.

Nilisikiliza ile sauti nikachanganyikiwa kabisa. Mtu hamjawahi kusalimiana, anakuita msituni, na kila mmoja wenu awe na silaha. Nikamuuliza mke wangu, Mama Mwikali, hii ni heshima ama ni nini.

"Utaenda," akasema.

"Nikienda nitalala wapi?"

"Hiyo utajua mwenyewe na mila zako. Lakini usipoenda safari hii, Baba Mwikali, huyo mtoto sahau. Hatakuita tena."

Alinitazama vile ananitazama nikiwa nimekosa na bado sijajua kosa. Nikafikiria siku mbili. Siku ya tatu nikapata jibu nililoliona la busara sana: nitaenda, nitawinda, nitakula, lakini nitalala nje.

River Road

Salim mnamjua, yule wa Lamu anayeuza turubai, kamba na mahema, duka lake limepakana na kiwanda chetu cha kuchapisha kalenda. Nilienda kwake mchana, kabla mashine hazijawashwa tena.

"Nataka hema la baridi," nikamwambia.

"Baridi ya wapi? Ya Limuru?"

"Ya Kanada."

Akaweka chini kikombe chake cha kahawa. "Kyalo ndugu yangu, una ugomvi na nani?"

Nikamweleza mambo ya ntheo. Alinisikiliza mpaka mwisho, na Salim si mtu wa kukatiza maneno. Kisha akasema, "Sisi kwetu mkwe akija tunamtandikia chumba kizuri kuliko chetu. Lakini kila watu na desturi zao, siwezi kukucheka. Nitakucheka ukifa."

Hema alikuwa nalo, la watu wanaopanda Mlima Kenya, limeshatumika kidogo. Nililishika zipu nikaridhika. Yeye hakuridhika. Akanieleza kwamba baridi haimshiki mtu kutoka juu, inamshika kutoka chini, na mimi ninanunua paa nikisahau sakafu. Akanikatia sponji vipande viwili na ile karatasi inayong'aa ambayo mafundi wanaweka juu ya dari. Tukalisimamisha hema pale nyuma ya duka, katikati ya maboksi, nikaingia ndani nikajinyoosha. Miguu ilitoka nje. Nikiwa bado nimelala hivyo nikasikia mtu anauliza kama chumba ni cha kupangisha kwa wiki ama kwa mwezi. Salim akamjibu kwa adabu kwamba tayari kina mtu.

Hurlingham

Erik alituma orodha. Nguo za ndani ziwe za sufu, pamba ni mwiko, kwa sababu pamba ikishika jasho inakugandisha. Nguo zote zifuliwe kwa sabuni isiyo na harufu. Usijipake mafuta wala manukato. Koti lisiwe la kupiga kelele. Na mwisho: uwe tayari kukaa juu ya mti kwa saa tano bila kujisogeza.

Hapo mwisho nilirudia kusoma mara nne. Hadithi zote za Ukambani nilizosikia, mwindaji anatembea. Anafuata nyayo, anakimbia, anapotea siku tatu. Sasa huyu anataka nikae juu ya mti nimngoje mnyama kama mtu anayengojea daktari. Mnyama ana sababu gani ya kuja?

Koti nilipata kwa mitumba, zito, la mtu mnene. Kulijaribu ndiyo ikawa kazi, maana Nairobi hakuna pahali pa kujaribia koti kama lile. Nikamkumbuka Kioko. Kioko ni wa kwetu, ana bucha Hurlingham, pale barabara ya Argwings Kodhek, na nyuma ana chumba cha baridi anachoning'iniza nyama. Nikavaa kila kitu, suruali mbili, soksi tatu, kofia ya kufunika masikio, mchana wa jua kali, nikaingia pale bucha watu wakanipisha.

"Ingia," Kioko akasema. "Nitakufungulia baada ya dakika ishirini. Ukishindwa, piga mlango."

Nilikaa juu ya kreti katikati ya mbuzi na nusu za ng'ombe. Nilikuwa nimebeba mpira wa kufungia mizigo kwa pikipiki, niuvute kama kamba ya upinde. Dakika tano za kwanza niliona hii Kanada ni mchezo. Dakika ya kumi vidole vilikataa kazi. Nikavuta ule mpira, ukaniponyoka, ukampiga mbuzi mmoja ubavuni. Dakika ya kumi na nne nikapiga mlango.

Nilitoka ndani mvuke ukinifuata. Dada mmoja wa ofisi aliyekuja kununua nusu kilo alinitazama kutoka kofia mpaka viatu, akamuuliza Kioko kama kuna pahali pengine pa nyama karibu.

Kioko alinipa supu, akasimama akinitazama nikinywa. "Sasa wewe unaenda kulala kwa friza kwa sababu kijana hakuleta mbuzi," akasema. "Mbona usimwambie alete?"

"Ntheo haiombwi. Inaletwa."

"Hiyo ni kweli." Akapangusa kisu kwa aproni. "Na alishawahi kujaribu kuja kwako?"

Nikamwambia nimechelewa kazini. Supu niliiacha nusu, na mnajua mimi siachi supu.

Parklands

Mwalimu wangu wa upinde alikuwa mama wa Kihindi anaitwa Hansa, alifundisha hesabu maisha yake yote, sasa amestaafu na kila Jumamosi anafundisha kulenga shabaha kwenye uwanja wa shule nyuma ya hekalu. Ana miaka sabini hivi. Anavaa raba na sari, na sauti yake bado ni ya darasani.

"Wewe ni Mkamba?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi itakuwa rahisi."

Mshale wa kwanza ulienda juu ya shabaha, ukapita ua, ukaingia kwa gari la mtu lililokuwa na dirisha wazi. Akautazama ulikoelekea. "Haitakuwa rahisi," akasema.

Upinde wenyewe ulinichanganya. Si ule wa ukutani. Una vigurudumu juu na chini, na kamba inazunguka inarudi mara tatu. Ukiuvuta ni mgumu mpaka katikati, halafu ghafla unalegea mkononi mwako, unadhani umeuvunja. Mara ya kwanza ulipolegea niliuachilia nikaomba msamaha. Mama Hansa akasema hivyo ndivyo ulivyotengenezwa, ili mtu aweze kuushikilia na kufikiri kabla ya kuachilia. Kisha akaniambia nivae lile koti la mitumba. Kamba ikakamata mkono wa koti, mshale ukaanguka miguuni pangu. Alijua itakuwa hivyo, alitaka nione. Akanifunga mkono kwa kipande cha ngozi mpaka kwenye kiwiko.

Nilienda Jumamosi tano. Ile ya mwisho nilipiga shabaha mara nne kati ya kumi, kwa hatua kumi na tano. Akanipa chai ya tangawizi, tukakaa kwenye benchi la watoto magoti yakitugusa kidevu.

"Unaenda kuwinda nini hasa?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Kusema kweli sijui naitiwa nini."

"Basi usiachilie mshale mpaka ujue," akasema, akaanza kukusanya vikombe.

Njiani

Ndege ya kwanza ilienda vizuri, ya pili ilichelewa kwa saa kumi na moja kwa sababu ya theluji. Nilikaa kwenye kiwanja kimoja cha Ulaya nikila maandazi ya Mama Mwikali pamoja na jamaa mmoja Mfilipino aliyekuwa anaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Yeye alikuwa na wali na samaki kwenye kopo. Lugha yetu ya pamoja ilikuwa maneno kama kumi, lakini tulipiga stori. Alinionyesha picha za watoto wake wanne. Nikamwonyesha picha ya Mwikali, na nilipotafuta kwa simu niligundua picha yake ya karibuni niliyo nayo ni ile ya siku alipoondoka Nairobi. Jamaa akasema msichana wangu ni mdogo sana. Sikumsahihisha.

Kule mwisho afisa mmoja akafungua begi langu. Akatoa hema, sponji, ile karatasi ya dari, na soksi jozi kumi na tano.

"Una mahali pa kukaa?"

"Kwa binti yangu."

"Ana nyumba?"

"Anayo."

"Basi hema ni la nini?"

Nikamweleza ntheo kwa Kiingereza changu cha kiwandani. Kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuandika. Akauliza mbuzi wako wapi, nikasema hakuna mbuzi, hilo ndilo tatizo. Akamwita mkubwa wake, mzee mnene mwenye miwani. Mzee alisikiliza yote tena, akarudisha soksi moja moja ndani ya begi. "Mkwe wangu na mimi pia hatuongei," akasema. "Nikienda kwao nalala hotelini." Akanigongea muhuri nikapita.

Theluji

Mwikali alikuwa amesimama pale watu wanapopokelewa, na tumbo lake lilikuwa limemtangulia. Miezi saba. Hakuna aliyeniambia. Nilisimama na begi langu nikashindwa kujua nianze na salamu, na swali ama na kulia. Yeye akasema tu, "Baba, umefika," na mimi nikasema, "Nimefika." Nikaelewa yale macho ya Mama Mwikali siku ile aliponiambia nitaenda. Yeye alijua.

Erik ni mrefu, ana ndevu nyekundu, hakujua kama anipe mkono ama anikumbatie, akafanya vyote nusu nusu. Tuliendesha kwa saa nne bila kuona mtu. Nyumba yao iko peke yake mbele ya msitu, imezungukwa na weupe mtupu. Nikashukuru kwa chai, nikanywa nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikatoka nikaanza kusimamisha hema. Ilikuwa saa tisa mchana na jua tayari lilikuwa linataka kwenda. Mwikali alinitazama kupitia dirisha la jikoni, na kitambaa cha kufutia sahani hakikusogea mkononi mwake.

Erik yeye alifurahi. Alidhani hivyo ndivyo Wakamba wanavyojiandaa kwa uwindaji. Akaniletea ngozi ya kulungu nitandike, akauliza kama na yeye alale nje. Nikasema hapana, kila mtu na mila yake. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa.

Usiku wa kwanza, Salim alikuwa sahihi. Chini ndiko kunakoua. Kesho yake tulikaa juu ya mti, mimi na Erik, mabega yakigusana, bila neno. Na mnyama alikuja kweli. Mkubwa, kama kulungu lakini mkia mweupe, pumzi zinamtoka kama moshi. Erik akanigusa goti: ni wako. Nikavuta upinde, ukalegea pale unapolegea, nikaushikilia. Nikamtazama yule mnyama naye akatazama kando. Nikasubiri nijue. Sikujua. Nikaurudisha taratibu, na mnyama akaondoka kwa wakati wake.

Jioni ya siku ya tatu, baridi ilikuwa digrii kumi na nane chini ya sifuri. Saa kumi na moja, giza limeshaingia, nikasikia zipu ya hema inafunguliwa. Mwikali akaingia kwa magoti, na blanketi na mto, akajilaza juu ya sponji kando yangu, akafunika tumbo lake.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nalala."

"Hapa?"

"Sijaolewa, Baba. Si ndivyo unavyosema? Kama sijaolewa, kwetu ni kwa baba yangu. Na baba yangu anakaa humu."

"Mwikali, huyu mtoto atapata baridi."

"Ni mtoto wa ukoo wako. Mbuzi hawajaletwa."

Nikakasirika, kwa sababu nilikuwa naogopa. Nikamwambia si mimi, ni huyo bwana yake aliyekaa miaka mitatu bila kuleta hata kwato moja. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Tulikuwa tumelipia tiketi za Desemba ya mwaka ule tulipooana. Nilikupigia nikakwambia tunakuja, Erik amesoma habari za ntheo, ameuliza mbuzi wa rangi gani. Ulisema usimlete mtu huyo hapa, ukimleta gate itakuwa imefungwa. Nakumbuka na siku. Ilikuwa Alhamisi." Akajigeuza upande. "Sasa mbuzi wangepita wapi, Baba?"

Jamani, mimi nilikuwa nimelisahau hilo neno. Hapana, wacha niseme ukweli kwa vile ninaandika: sikulisahau. Nililifunika. Nililifunika kwa mila mpaka hata mimi nikaamini ni mila. Kioko aliligusa kidogo tu na nikakimbia supu.

Nilisikia anatetemeka. Blanketi lilikuwa linatikisika. Zipu ilikuwa wazi, na pale mbele ya nyumba Erik alikuwa amesimama kwenye ngazi bila koti, anatazama hema, hajui aje ama abaki.

"Inuka," nikamwambia. "Rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kule."

"Kule kwa nani?"

Mnajua maana ya jibu hilo. Baba akishalisema, halirudi mdomoni, na mbuzi bado hawajakanyaga kwake. Nilikuwa sijui kama ninaruhusiwa. Sijui mpaka leo.

"Kwa mume wako," nikasema. "Nyumbani kwako."

"Sema tena."

"Nenda nyumbani kwako kwa mume wako, Mwikali, mama yangu. Mtoto ataumia."

Akalia, na mimi nikalia, koti la mitumba likawa maji kifuani. Kisha akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka, maana tumbo lilikuwa zito. Nilimshika mpaka kwenye ngazi nikamkabidhi kwa mumewe, mkono kwa mkono. Erik aliuliza baba anasema nini. Mwikali akamwambia kwa Kiingereza, na yule kijana mrefu akaketi pale pale kwenye ngazi, kwenye theluji, akafunika uso.

Mimi nikarudi hemani. Ntheo ni ntheo. Lakini usiku huo nililala usingizi.

Nyumbani

Siku nne zilizobaki tulikula kila chakula mezani kwao, na usiku nikatoka nje, na Mwikali akawa ananipa chupa ya maji ya moto bila maneno. Mnyama alipigwa na Erik siku ya mwisho. Kwa hiyo idadi yangu ni sifuri, na sasa mnaijua.

Jumapili iliyopita nilienda Machakos. Kaka zangu walikuwa wamekusanyika wanangoja, kwa sababu habari zilifika kabla yangu kwamba Kyalo amemwita mzungu mume wa Mwikali kabla ya mbuzi. Musyoka, mkubwa wetu, hakunipa hata kiti. Akaniuliza nani alinipa ruhusa, na huyo kijana alikuwa wapi miaka yote mitatu.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, marefu, yana methali. Yote yakapotea. Nikawaambia huyo kijana alikuwa barabarani anakuja na mbuzi, na aliyefunga gate ni mimi.